Orodha Kabla ya Filamu: Historia ya Matarajio Katika Matamasha ya Kimataifa na Nafasi ya Kiswahili

Tarehe 1 Septemba 1939 ndiyo iliyokuwa imetengwa kuwa siku ya kufunguliwa kwa tamasha la kwanza la filamu la Cannes, kusini mwa Ufaransa. Orodha ya filamu zilizoalikwa ilikuwa imekwisha kuandaliwa. The Wizard of Oz ilikuwamo, na Union Pacific ya Cecil B. DeMille ilikuwamo. Alfajiri ya siku hiyo majeshi ya Ujerumani yakaivamia Poland. Tamasha likaahirishwa, kisha likafutwa, na filamu moja tu, The Hunchback of Notre Dame, ndiyo iliyowahi kuonyeshwa. Kilichobaki ni orodha. Miaka 63 baadaye, mwaka 2002, jopo la majaji liliitishwa huko huko Cannes, likatazama baadhi ya filamu za orodha ile, na likaitunuku Union Pacific tuzo kuu. DeMille, aliyefariki mwaka 1959, hakuwahi kusikia habari hizo.

Kisa hiki kinadokeza jambo ambalo aghalabu hupitwa na wahakiki wa sinema: orodha ya tamasha ni matini inayojitegemea. Husomwa kabla ya filamu kutazamwa, hujadiliwa na watu ambao wengi wao hawatapata kuitazama filamu yenyewe, na mara nyingine huishi kuliko tamasha lililoizaa. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 pale Konstanz, alisisitiza kwamba kazi ya sanaa haipokewi katika ombwe. Mpokezi huijia akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali. Gérard Genette naye, miaka 20 baadaye, alielekeza macho ya wahakiki kwenye vizingiti vya kitabu, yaani jina lake, jalada lake, utangulizi wake na tangazo lake. Nadharia hizi ziliundwa kwa ajili ya kitabu, na kitabu kina fadhila moja: anayekingojea anaweza hatimaye kukinunua au kukiazima. Filamu ya tamasha haina dhamana hiyo. Kwa msemaji wa Kiswahili hasa, kizingiti ndicho ambacho mara nyingi ameonyeshwa, nyumba asiingie.

Makala haya yanaifuata historia ya orodha hizo ili kuuliza swali moja: nani amekuwa na uwezo wa kuamua filamu ipi ingojewe, na wasemaji wa lugha ya filamu wamekuwa wapi katika uamuzi huo?

Tamasha la Venice, lililo kongwe kuliko yote, lilianza tarehe 6 Agosti 1932 kwenye roshani ya Hoteli Excelsior, kisiwani Lido, kwa kuonyeshwa kwa Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya Rouben Mamoulian. Mwanzo huo ulikuwa wa burudani za kitalii. Siasa haikukawia kuingia. Tuzo kuu ilipewa jina la Mussolini, na mwaka 1938 ikagawanywa baina ya Olympia ya Leni Riefenstahl, iliyotengenezwa kwa hisani ya utawala wa Hitler, na Luciano Serra pilota ya Kiitalia. Wafaransa walirudi kwao wamekasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyozaa Cannes. Lakini Cannes yenyewe, ilipofunguliwa hatimaye tarehe 20 Septemba 1946, ilirithi kanuni ile ile: mataifa ndiyo yaliyoalikwa, na kila taifa liliteua filamu zake na kuzituma. Orodha ya miaka hiyo ilifanana na orodha ya mabalozi. Na kama balozi, filamu iliweza kukataliwa. Mwaka 1956 Nuit et brouillard ya Alain Resnais, inayohusu kambi za mauaji za Wanazi, iliondolewa katika mashindano kwa ombi la serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaja kuonyeshwa nje ya mashindano baada ya malalamiko makubwa.

Utaratibu huu ulikuwa na athari ambayo haikuhitaji kutamkwa. Ikiwa kinachoalikwa ni taifa, basi asiye na taifa hana filamu. Kenya, Tanganyika, Unguja na Uganda hazikuweza kungojewa na yeyote, maadamu hazikuwa na jina katika daftari la waalikwa.

Haimaanishi kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakuwa wakiingojea sinema. Waliingojea kwa namna nyingine. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham ulipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu za mafunzo juu ya kilimo, afya na uwekaji wa akiba, kisha ukazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na hata kusini zaidi. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za maelezo yaliyoambatana na picha. Hapa hapakuwa na orodha wala tuzo. Palikuwa na vumbi la lori barabarani, na watoto waliolikimbilia. Hata hivyo ni vyema kukumbuka kwamba lugha hii iliingia katika sinema kama lugha ya kumwelekeza mtazamaji, miongo mingi kabla ya kuruhusiwa kuwa lugha ya mhusika anayependa, anayechukia au anayenyamaza. Anayeagizwa jinsi ya kulima hangojei mwisho wa hadithi, mwisho anaujua.

Mageuzi yalikuja kutoka pande mbili takriban kwa wakati mmoja. Upande wa Afrika, Tahar Cheriaa alianzisha Tamasha la Carthage jijini Tunis mwaka 1966, na tuzo kuu ya kwanza ikaenda kwa La Noire de... ya Ousmane Sembène. Mwaka 1969 likafuata la Ouagadougou, linalojulikana leo kama FESPACO. La Ouagadougou lastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu huko ndiko orodha na ukumbi vilikokutana. Mwaka 1970 serikali ya Upper Volta, ambayo sasa ni Burkina Faso, ilitaifisha kumbi za sinema zilizokuwa mikononi mwa kampuni za Kifaransa, nazo kampuni hizo zikajibu kwa kuinyima nchi hiyo filamu. Pamoja na matatizo hayo yote, mji ule ulijenga desturi ambayo miji mingi yenye matamasha tajiri haina: mkazi wa kawaida husoma orodha, huchagua, hupanga foleni, huingia, hutoka akibishana. Matarajio yake yana mahali pa kutua. Mwaka 2023, filamu ya Kenya iitwayo Shimoni, ya mwelekezi Angela Wanjiku Wamai, ilipata Farasi wa Shaba katika tamasha hilo, na watu wa Ouagadougou wakawa na jambo la kusema juu yake.

Sembène anahitaji neno la ziada, kwa kuwa kisa chake kinagusa mjadala wa lugha unaofahamika sana katika idara za fasihi. Alikwisha kuwa mwandishi wa riwaya za Kifaransa alipogeukia kamera, akitaka kuwafikia watu wake ambao hawakuweza kuzisoma. Mwaka 1968 alitengeneza Mandabi, kutokana na hadithi yake mwenyewe, kwa matoleo mawili, moja la Kifaransa na jingine la Kiwolofu. Filamu hiyo ilipata tuzo Venice mwaka huo huo. Kwa hiyo lugha ya Kiafrika iliingia katika orodha ya tamasha kongwe miaka kadhaa kabla ya mjadala wa lugha ya fasihi kufikia kilele chake huku Afrika Mashariki. Walakini Mandabi haikuingia kwa sababu Venice ilikuwa ikiingojea lugha ya Kiwolofu. Iliingia kwa sababu ilikuwa ikimngojea Sembène.

Upande wa Ulaya, ghasia za Mei 1968 zilisimamisha Cannes kabla ya muda wake, na mwaka uliofuata waelekezi wakaanzisha kitengo chao wenyewe sambamba na tamasha rasmi. Hatimaye, mwaka 1972, Cannes iliachana na kanuni ya mataifa kuteua. Tangu hapo tamasha lenyewe, kupitia wateuzi wake, ndilo linaloamua. Mabadiliko haya huelezwa kama ushindi wa sanaa dhidi ya serikali, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini yalizaa pia aina mpya ya matarajio. Zamani filamu ya taifa fulani ilijulikana mapema, maana serikali yake imeituma. Sasa orodha ikawa siri ya watu wachache, ikifunguliwa mara moja mbele ya waandishi wa habari majira ya Aprili, na majuma yaliyotangulia yakawa ya ubashiri: nani amemaliza kuhariri, nani bado, mwelekezi gani huwa hakosi. Ubashiri wa namna hii huendeshwa na majina yanayojulikana. Asiyewahi kuwa katika orodha habashiriwi. Matarajio, kwa maneno mengine, huzaa matarajio, kama fedha izaavyo riba.

Ndipo majina ya Kiswahili yalipoanza kuonekana, machache na kwa kuachana, hasa baada ya 2010. Kati Kati ya Mbithi Masya ilionyeshwa Toronto mwaka 2016 na kupata huko tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilikuwa Berlin mwaka 2018, Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa Cannes mwaka huo huo, na Shimoni ilianzia Toronto mwaka 2022. Mhakiki wa lugha hawezi kuyapita majina haya hivi hivi, kwa kuwa katika orodha yenyewe ndiyo Kiswahili pekee kilichomo. Kila kitu kingine, kuanzia muhtasari hadi wasifu wa mwelekezi, kimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Jina hilo husomwa na wasomaji wawili tofauti. Asiyejua lugha huliona kama pambo la sauti. Ajuaye lugha huanza kufasiri papo hapo, na huenda akapotea. Mtu wa Kwale akisoma Shimoni atafikiria kijiji cha pwani na pango lake la watumwa. Filamu inamhusu mtu aliyetoka gerezani akarudishwa mahali pa utotoni asipotaka kupaona, na mandhari yake ni ya bara. Upeo wake wa matarajio umevunjwa, na kuvunjwa huko ni sehemu ya maana, ila kwa sharti moja tu: aitazame filamu. Kati Kati nayo, kwa kulitenganisha neno ambalo maandishi ya kawaida huliunganisha, imekwisha kumwonyesha msomaji wa Kiswahili pengo wanamokwama wahusika wake, waliokufa na wasiofika waendako. Msomaji wa Toronto hakuliona pengo hilo, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na tiketi.

Rafiki ndiyo iliyouweka mvutano huu hadharani kuliko nyingine zote. Orodha ya Cannes ilitangazwa tarehe 12 Aprili 2018, nayo filamu hiyo ikawa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa rasmi na tamasha hilo. Msingi wake ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Inawahusu wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wanaoshindana, ambao wanapendana. Tarehe 27 Aprili, siku 15 baada ya tangazo, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya iliipiga marufuku, ikisema inatetea mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria. Kahiu alieleza kwamba bodi ilikuwa imetaka mwisho wa filamu ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mhakiki, awe na msimamo wowote juu ya mada yenyewe, hana budi kuitambua hoja hiyo kuwa ya kifasihi: mzozo ulikuwa juu ya kufunga hadithi. Wahusika wangeliishia katika majuto, hadithi ile ile ingelisomwa kuwa ya maonyo, kwa jadi ya tangu enzi za lile lori la Vugiri.

Lakini kuna jambo la kihistoria hapa ambalo kelele za mwaka ule zililifunika. Chini ya kanuni ya kabla ya 1972, serikali isiyoipenda filamu haikuhitaji kuipiga marufuku. Ingeliacha tu kuituma, na hakuna ambaye angelijua kwamba kulikuwa na cha kungojea. Baada ya 1972 serikali ilipoteza orodha. Mwaka 2018 ilichobakiwa nacho ni ukumbi wa nyumbani, na ndicho ilichokitumia. Kwa hiyo yale yanayosimuliwa kama ushindi wa sanaa dhidi ya serikali yalikuwa, kwa mtazamaji wa Nairobi, mgawanyo wa mali: wateuzi wa kigeni walichukua haki ya kusema kipi kitarajiwe, dola ikabaki na haki ya kusema kipi kisitazamwe. Yeye mwenyewe hakugawiwa kitu.

Aligawiwa siku saba. Tarehe 21 Septemba 2018 Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku kwa juma moja ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani, na hivyo iweze kufikiriwa kwa tuzo za Oscar. Watazamaji walijazana katika ukumbi wa Prestige kwenye barabara ya Ngong. Maonyesho yaliongezwa na tiketi zikaisha. Kilichoteuliwa kuiwakilisha Kenya mwaka huo kilikuwa Supa Modo, wala hilo si la kulalamikiwa, maana ni filamu nzuri. La kuzingatia ni kwamba hata zile siku saba zilitolewa kwa sababu ya orodha nyingine ya mbali, huko Marekani. Juma lilipoisha marufuku ilirudi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa.

Mwaka huo wa 2020 kisa cha 1939 kilijirudia kwa sura nyingine. Ugonjwa wa Korona ulifunga kumbi za dunia, na Cannes haikuweza kufanyika kama kawaida. Hata hivyo, tarehe 3 Juni, mkuu wa uteuzi Thierry Frémaux alitangaza orodha ya filamu 56 zilizopewa muhuri wa tamasha ambalo halikuwapo. Miongoni mwake ilikuwamo En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, inayowafuata manusura wa vita vya siku sita vya Kisangani vya Juni 2000, baina ya majeshi ya Rwanda na Uganda, wakisafiri kwa mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia waliyoahidiwa. Wengi wao wamekatika viungo. Kiswahili cha Kisangani kinasikika humo pamoja na Kilingala. Ni filamu ya watu wanaongoja, na ilitangazwa katika orodha isiyo na ukumbi. Sadfa hiyo ingelibuniwa na mwandishi wa riwaya, angeliambiwa ametia chumvi.

Septemba 2021 Toronto ilionyesha Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, na hapo historia ya matarajio ya filamu na historia ya fasihi ya Kiswahili zikakutana waziwazi. Riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, ilikuwa imekwisha kusomwa kwa miaka 22. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa nguvu kwa mume aliyemzidi sana umri. Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi Unguja kupambana na utawala wa Mwingereza. Mwajuma, ambaye nyumba yake ya Ng'ambo inampokea Yasmin anapokataliwa na nduguze: hawa hawakuwa majina mapya kwa maelfu ya wanafunzi na walimu. Kila mmoja alikuwa na Denge wake. Wapo waliokwisha kumpa sauti, urefu na namna ya kuvuta sigara. Wapo pia, isifichwe, waliotumaini kwamba filamu ingewaepusha na kurasa za kitabu kabla ya mtihani.

Hayo ndiyo matarajio ambayo Jauss alikuwa akiyazungumzia, yaliyojengwa na usomaji, polepole, katika lugha ya kazi yenyewe. Matarajio ya Toronto yalikuwa mengine kabisa: filamu ya mwelekezi kijana kutoka nchi isiyozoeleka katika orodha, iliyotengenezwa kwa ushirika wa watayarishaji wa nchi kadhaa, yenye mapenzi na mapinduzi katika mji wa mawe kando ya bahari. Filamu ni moja, ya takriban dakika 90. Iliyongojewa ilikuwa mbili. Na zilikuwa na majina mawili. Katika orodha iliitwa Tug of War. Tafsiri hiyo haina kosa la kamusi, lakini iweke kando ya ile ya asili uone kilichoanguka njiani. Tug of War ni nomino, ni mchezo wa kamba, na wachezaji wake hawatajwi. Vuta n'kuvute ni sentensi mbili zilizobanwa katika pumzi moja: amri kwa mtu aliye mbele yako, kisha jibu lenye nafsi ya kwanza na ya pili ndani ya kitenzi kimoja, na kile kiishio -e kinachoacha jambo bila kukamilika. Ritifaa nayo inabeba irabu iliyomezwa, na pamoja nayo lafudhi ya Unguja. Ndani ya jina mna mimi, mna wewe, na mna tishio ambalo pia laweza kuwa mwaliko. Yasmin na Denge wako mle tangu jalada. Vivyo hivyo Denge na dola ya mkoloni inayomsaka kwa ajili ya maandishi iliyoyapiga marufuku.

Ni rahisi kusema kwamba riwaya inayovuka bahari kati ya Unguja na Mombasa haiwezi kuingia katika dakika 90, na wasomaji wa kitabu daima wana haki ya kulalamika hivyo. Lakini malalamiko hayo huhitaji kwanza filamu ifike walipo. Zanzibar ina tamasha lake la nchi za jahazi, lililoanza 1998, ambalo kwa miaka mingi limewakusanya watu Ngome Kongwe usiku, chini ya anga wazi. Huko angalau mcheko hutangulia tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, kwa kuwa masikio yamefika kabla ya macho. Toronto mambo ni kinyume: ukumbi husoma, kisha husikia.

Mwaka 2022 Tanzania iliituma filamu hiyo kushindania Oscar ya filamu ya kimataifa, ikiwa ya pili tu kutumwa na nchi hiyo baada ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001. Uteuzi huo ulifanywa na kamati ya nchi inayotuma, kila nchi filamu moja, sawa na Cannes kabla ya 1972. Katika orodha ya nchi zilizotuma, jina lililotangulia lilikuwa Tug of War.